Uwele, Mabingobingo na Ndata Kivumbu: Historia ya Ukoo Mmoja wa Nyasi na Majina Yake

Utangulizi

Ni nadra kumpata mwalimu wa Kiswahili ambaye hajawahi kuandika ubaoni ile methali isemayo kwamba fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Tunaifafanua, tunaitolea mifano ya siasa na ya nyumbani, kisha tunakwenda kwenye methali inayofuata. Mara chache mwanafunzi huuliza: ni nyasi zipi hizo? Akiuliza, jibu letu huwa jepesi mno: nyasi ni nyasi tu.

Makala haya yanakusudia kumpa mwanafunzi huyo jibu lililo bora kuliko hilo. Tumechukua ukoo mmoja tu wa nyasi, ule ambao wataalamu wa mimea huuita jenasi ya Cenchrus, na tutaufuata kuanzia kingo za jangwa la Sahara hadi Pemba, kutoka Buganda hadi Turkana, na kutoka Turkana hadi Marekani na Australia. Ni ukoo wa nchi za joto, na wengi katika ukoo huo ni nyasi za porini zinazostahimili ukame. Ndani yake mna chakula cha binadamu, malisho ya ng'ombe, ua wa mfalme, na hivi karibuni moto uliokula miji na majangwa.

Hoja yetu ni hii: historia ya nyasi hizi imehifadhiwa katika majina yake. Lakini majina yaliyoenea zaidi duniani ni yale ya watu waliobeba mbegu, si ya watu waliozitunza. Sisi walimu wa lugha tuna wajibu katika jambo hilo.

Jina la ukoo

Jina Cenchrus lilitolewa na Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, katika mwaka wa 1753. Alilitoa katika neno la Kigiriki lililotaja nafaka ndogo za jamii ya mtama. Baadaye, mwaka 1805, jenasi nyingine ilipewa jina la Pennisetum, kutokana na maneno mawili ya Kilatini: moja lina maana ya unyoya na la pili lina maana ya nywele ngumu. Anayetazama suke la nyasi hizi ataelewa mara moja sababu ya jina hilo, kwani kila kifungu cha mbegu kimezungukwa na vinywele.

Kwa karne mbili wataalamu walizitenga jenasi hizo mbili kwa kigezo cha vinywele hivyo. Kama vimeungana chini vikafanya kijikombe au mwiba, mmea uliitwa Cenchrus. Kama viko huru, uliitwa Pennisetum. Taabu ilikuwa kwamba baadhi ya nyasi zilisimama katikati, vinywele vyake vikiwa vimeungana kidogo tu, na kwa hiyo zilihamishwa kutoka jenasi moja hadi nyingine na kurudishwa tena. Mwaka 2010, watafiti waliochunguza chembe za urithi za mimea hiyo walipendekeza kwamba zote ni ukoo mmoja na zibaki na jina lililo la kale zaidi, yaani Cenchrus. Leo ukoo huo una spishi zaidi ya mia moja. Nyingine ni za Amerika, lakini zile zilizobadilisha maisha ya watu wengi zimetoka Afrika.

Katika Saheli, vinywele vya spishi moja, Cenchrus biflorus, vimekuwa miba midogo inayonasa nguo na ngozi. Wahausa huiita karangiya. Msafiri Mjerumani Heinrich Barth, aliyezunguka Sahara na Sudani ya Magharibi kati ya mwaka 1850 na 1855, aliilalamikia sana miba hiyo. Hata hivyo, Watuareg na majirani zao hawakuiona kuwa adha tupu. Walikusanya mbegu zake porini, wakazitwanga na kuzila, hasa katika miaka ya njaa. Kwa mgeni mmea huo ulikuwa mwiba; kwa mwenyeji ulikuwa pia akiba ya chakula.

Uwele: ndugu aliyeingia shambani

Ndugu maarufu kuliko wote katika ukoo huu ni uwele. Nafaka hii ilitokana na nyasi za porini za kusini mwa Sahara. Katika bonde la Tilemsi, kaskazini mwa Mali, waakiolojia wamekuta vigae vya vyungu vyenye alama za punje za uwele uliokwisha kulimwa, vya tangu takriban mwaka 2500 K.K. Mabadiliko yaliyougeuza mmea wa porini kuwa zao yanaeleweka. Nyasi za porini hudondosha mbegu zinapokomaa, kwa sababu ndiyo njia yao ya kuzaana. Mkulima aliyevuna masuke yaliyobaki na punje zake, kisha akapanda punje hizo msimu uliofuata, alikuwa akichagua bila kujua ile mimea isiyodondosha. Baada ya vizazi vingi, uwele ukawa hauwezi tena kujipanda wenyewe vizuri. Ulimtegemea binadamu, na binadamu akautegemea.

Kutoka hapo ulisafiri. Ulifika India katika milenia ya pili K.K. Katika misitu ya kusini mwa Kamerun, punje zake zimepatikana katika makazi ya karne za mwisho kabla ya Kristo, na jambo hilo limewavutia watafiti wa historia ya wasemaji wa lugha za Kibantu. Kwetu sisi wa lugha, ushahidi uko pia vinywani mwa watu. Kiswahili husema uwele, mawele na mwele. Kikuyu husema mwere. Kikamba husema mwee. Mwanafunzi anayejua kwamba sauti /l/ ya Kiswahili mara nyingi huwa /r/ katika Kikuyu na hutoweka katika Kikamba ataona mwenyewe kwamba maneno hayo ni ndugu. Hapo atakuwa amefanya kazi ya mwanahistoria akiwa amekaa darasani.

Pwani nako kuna habari. Huko Tumbe, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, uchunguzi wa mabaki ya mimea yaliyoungua umeonyesha kwamba kati ya karne ya 7 na ya 10 nafaka kuu ya wenyeji ilikuwa uwele. Katika mji jirani wa Chwaka, uliositawi baadaye, kuanzia karne ya 11, mchele ulikuwa umechukua nafasi ya kwanza. Wengi wetu tunapofikiri chakula cha Waswahili wa kale huona pilau na wali wa nazi. Ukweli ni kwamba kabla ya wali kushika sinia, uwele ndio ulioshibisha watu wa Tumbe.

Tuongeze jambo moja kwa walimu wa semantiki. Neno uwele, na mwele kwa mtu, hutumika pia katika Kiswahili cha ushairi na cha pwani kwa maana ya ugonjwa na mgonjwa. Mwanafunzi asiyejua nafaka hii anaweza kusoma habari ya shamba la uwele akadhani ni hospitali.

Na jina la kitaalamu la uwele ni lipi? Ni Cenchrus americanus. Linnaeus, katika kitabu chake cha mwaka 1753, aliupa mmea huu sifa ya kuwa wa Amerika, na kanuni za kutaja mimea huheshimu jina lililotangulia. Hivyo nafaka iliyozaliwa Afrika, ikalimwa Afrika na kulisha Afrika kwa zaidi ya miaka 4,000, imebaki vitabuni na jina la bara jingine.

Mabingobingo: ua wa Kabaka na jina la kanali

Hapa Uganda hakuna asiyeyajua mabingobingo, ingawa wanafunzi wetu wengi wanayajua kwa jina la Kiingereza tu, lile linaloyahusisha na tembo. Waganda huyaita ekisagazi, na mabua yake yaliyokauka huyaita emmuli. Wanyarwanda na Warundi husema urubingo, na ufanano wake na neno letu unajieleza. Ni nyasi ndefu kuliko mtu, zipendazo udongo wenye rutuba. Shamba likiachwa lipumzike katika maeneo ya karibu na Ziwa Nyanza, mara nyingi ndizo zinazolifunika.

Kwa Waganda mabua haya yalikuwa kifaa cha ujenzi. Yalisukwa kuwa nyua za makao ya wakubwa na za ikulu ya Kabaka. John Hanning Speke alipofika katika ikulu ya Mutesa wa Kwanza mwaka 1862, alistaajabia ukubwa wa makao hayo na nyua ndefu zilizoyazunguka. Alieleza kwamba zilijengwa kwa matete ya manjano ya nyasi ambazo yeye aliziita nyasi za simbamarara. Uganda haina simbamarara. Speke alikuwa amekaa India akiwa askari, na alipoziona nyasi ndefu za Buganda alizipa jina la mnyama aliyemwacha huko. Waliozipanda, waliozikata na waliozisuka walikuwa mbele ya macho yake, na jina lao lilikuwepo.

Wataalamu wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuzielezea nyasi hizi mwaka 1827, kwa kutumia vielelezo vilivyokusanywa katika pwani ya Ghana ya leo. Lakini jina lililoshika sokoni lilikuja mwanzoni mwa karne ya 20 kutoka Bulawayo, katika Zimbabwe ya leo. Huko mlowezi mmoja, Kanali Napier, aliihimiza idara ya kilimo ya Rhodesia izijaribu kuwa malisho ya mifugo. Zilifaa, nazo zikaitwa kwa jina lake. Kutoka Afrika zilienezwa katika nchi nyingi za joto, zikiwa na cheo cha kanali.

Leo mkulima wa Kiambu au wa Meru mwenye ng'ombe wawili wa maziwa zizini husema nepia. Hukata nepia, huuza nepia, hukopa nepia kwa jirani. Ufugaji wa ng'ombe wa kufungiwa katika nyanda za juu za Kenya, na sehemu nyingi za Uganda na Tanzania, umesimama juu ya jani hili. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, watafiti wa kituo cha icipe nchini Kenya na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, waliwaonyesha wakulima kazi yake nyingine. Nepia ikipandwa kuzunguka shamba la mahindi, nondo wa viwavi vitoboavyo mabua huvutwa kwenda kutaga mayai huko, na viwavi wengi wanaoanguliwa hufa. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea ambao harufu yake huwafukuza nondo hao na ambao mizizi yake huzuia gugu la striga. Nyasi iliyokuwa ua wa mfalme imekuwa ua wa mahindi.

Hatusemi kwamba neno nepia lifutwe. Limekwisha kuwa Kiswahili cha mkulima, na mwalimu anayelikata kwa kalamu nyekundu anamkata mkulima mwenyewe. Tunachosema ni kwamba mwanafunzi ajue pia bingobingo, ekisagazi na urubingo, na ajue kanali aliingiaje katika habari hii.

Kikuyu: jina la watu juu ya kiwanja

Spishi ya tatu imepata bahati tofauti, kwani imebeba jina la watu wa nyumbani. Ni zile nyasi fupi zinazotambaa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, kutoka Ethiopia na Kenya hadi mashariki mwa Kongo. Jina lake la kitaalamu, lililochapishwa mwaka 1903, lina maana ya kilichofichika, kwa kuwa maua yake hujificha ndani ya ala za majani na mtu anaweza kuzikanyaga mwaka mzima asiyaone. Waingereza waliziita nyasi za Kikuyu.

Katika miaka ya 1910 zilipelekwa Afrika ya Kusini na Australia. Baadaye zilienea hadi Amerika ya Kusini, na nchini Colombia wakulima wa milimani huziita kikuyo. Hulisha ng'ombe wao wa maziwa, na wakati huo huo huwachosha katika mashamba ya viazi kwa sababu hazing'oki kirahisi. Huko Los Angeles, uwanja mashuhuri wa gofu wa Riviera umefunikwa nazo. Hata hivyo, sheria ya nchi hiyo hiyo imeziweka katika orodha ya magugu hatari. Wachezaji na watangazaji hulitaja neno Kikuyu kila mashindano yanapofanyika. Ni wangapi kati yao wanaojua kwamba ni jina la taifa la watu wenye lugha yao, fasihi yao na historia yao ya kunyang'anywa ardhi?

Mbegu za Turkana

Tunafika sasa kwenye sehemu ya habari hii inayouma zaidi. Spishi iitwayo Cenchrus ciliaris ndiyo hodari wa ukame kuliko zote tulizozitaja. Asili yake ni Afrika, Uarabuni na Asia hadi India, ambako huitwa anjan. Jina lake la kibiashara limetoka katika neno la Kiafrikana lenye maana ya nyati. Wakamba wa Makueni na Kitui huiita ndata kivumbu.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, idara ya Marekani ya kuhifadhi udongo ilipokea Texas mbegu za nyasi hii zilizochumwa katika nchi kavu ya Turkana. Katika daftari mbegu hizo hazikupewa jina la mahali wala la watu. Zilipewa namba: T-4464. Texas ilikuwa na ukame na ardhi iliyochoka, nazo mbegu za Turkana ziliota mahali ambapo nyingine zilishindwa. Wafugaji walifurahi. Zilivuka mpaka hadi jimbo la Sonora, Mexico, ambako vichaka vya jangwa vilifyekwa ili zipandwe malisho.

Jangwa la Sonora, linaloingia hadi Arizona, lina mimea isiyozoea moto. Mkakati wake wa kale ulikuwa nafasi: mmea hapa, udongo mtupu, mmea pale. Radi ikiwasha kichaka kimoja, moto hufa kwa kukosa pa kwenda. Nyasi za Turkana zimeijaza nafasi ile. Zikikauka huwa kama kamba ya baruti kutoka mmea hadi mmea. Baada ya moto, zenyewe huchipua kutoka shinani, lakini dungusi wakubwa waitwao saguaro, ambao huweza kuishi zaidi ya miaka 150, hufa. Kila moto huziongezea nyasi eneo. Mwaka 2005 Arizona ilizitangaza kuwa gugu hatari, na hadi leo watu wa kujitolea huko Tucson huzing'oa kwa majembe.

Australia imepita njia kama hiyo. Inaaminika kwamba mbegu za kwanza ziliingia katika karne ya 19 pamoja na matandiko ya ngamia wa wachungaji walioitwa Waafghani. Baadaye zilipandwa kwa makusudi kwa ajili ya ng'ombe na kuzuia vumbi. Jimbo la Australia Kusini lilizitangaza kuwa gugu mwaka 2015, na Northern Territory ikafuata mwaka 2024, baada ya wenyeji wa asili kueleza kwa miaka mingi jinsi zilivyosonga vyakula vyao vya porini. Na mnamo tarehe 8 Agosti 2023, moto uliteketeza mji wa Lahaina huko Hawaii na kuua zaidi ya watu 100. Miongoni mwa kuni zake zilikuwa nyasi za kigeni, hii ikiwa mojawapo, zilizoota katika mashamba ya miwa yaliyoachwa bila mlimaji wala mfugo.

Je, nyasi hii ni mbaya? Twende Makueni. Huko ardhi iliyobaki ngozi tupu kwa sababu ya malisho kupita kiasi na mvua haba imekuwa ikifufuliwa kwa kupandwa nyasi za asili, na ndata kivumbu ni mojawapo ya zile zinazotegemewa. Mizizi yake hushika udongo na kuyapa maji nafasi ya kuzama, majani hulisha ng'ombe, na mkulima huuza mbegu na nyasi kavu. Ni mmea ule ule. Nyumbani una ng'ombe, mbuzi, wanyamapori na watu wanaojua wakati wa kuukata. Ugenini ulipelekwa peke yake, ukiwa na namba bila maarifa ya watu walioishi nao. Mbegu ilisafiri na jina likabaki, na pamoja na jina yalibaki yale yote ambayo jina hubeba.

Hitimisho

Walimu wenzetu wanaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya idara ya kilimo. Sisi hatuoni hivyo. Tunapomruhusu mwanafunzi aandike nyasi au majani kwa kila kitu kijani kilicho chini ya goti na juu ya kichwa, tunamnyima msamiati, na tunamnyima historia. Mtaalamu wa kilimo atakayemwandikia mfugaji kijitabu cha Kiswahili kesho ndiye aliye mbele yetu leo. Asipopata neno kwetu, atalichukua anakolikuta, na atakolikuta mara nyingi ni kwenye mfuko wa mbegu uliotoka dukani.

Tunapendekeza basi kazi nyepesi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kila mmoja, anaporudi nyumbani wakati wa likizo, awaulize bibi na babu, wachungaji na wakata nyasi, majina ya nyasi tano zinazoota karibu na nyumba yao. Aandike jina katika lugha ya kwao, jina la Kiswahili kama lipo, ngeli yake, umoja na wingi wake, na kazi ambayo watu huifanya kwa nyasi hiyo. Aandike pia nani alilitumia jina hilo na nani hakulijua tena, kijana au mzee. Kazi hizo zikikusanywa darasani muhula ukianza, tutakuwa na orodha ya maneno kutoka wilaya nyingi za Uganda na kutoka kwa wanafunzi wetu wa nchi jirani, na tutaweza kuilinganisha na kamusi zetu na kuona mapengo yako wapi. Atakayeanza na bingobingo hatakosa mahali pa kuanzia. Aangalie tu ng'ambo ya barabara.